Uzuri wa Mkakasi: Historia ya Motokaa za Jaguar

Wale mlio katika vikundi vya kusikiliza, sogeeni karibu na redio, na kiongozi wa kikundi achukue chaki aandike majina manne ubaoni: Lyons, Coventry, Leyland, Egan. Tutakutana nayo moja moja, na yatawafaa mtakapoanza mazungumzo yenu baada ya somo.

Wazee wetu walisema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kichombo kilichotiwa nakshi na rangi, nacho humvutia kila apitaye. Lakini ukikikwangua, unakuta ni mti tu. Leo nitawaeleza habari za kiwanda cha Uingereza kilichotengeneza motokaa ambazo watu wengi wamezihesabu miongoni mwa nzuri kabisa duniani. Motokaa hizo ni Jaguar. Katika watu waliozinunua, wako waliozipenda mpaka kufa, na wako waliozilaani kando ya barabara huku mvua ikiwanyeshea. Mara nyingine mtu huyo alikuwa mmoja. Swali letu ni hili: kwa nini chombo kimoja kipendwe hivyo na kulalamikiwa hivyo?

MWANZO WA KAZI

Mwaka 1922, katika mji wa Blackpool ulio pwani ya kaskazini-magharibi ya Uingereza, vijana wawili walifungua karakana ndogo. Mmoja aliitwa William Walmsley, na wa pili William Lyons. Lyons ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka 21. Fedha hawakuwa nazo. Baba zao waliwadhamini benki, wakapata mkopo wa pauni 1,000. Hawakutengeneza motokaa. Walitengeneza vigari vya abiria, vile vinavyofungwa ubavuni mwa pikipiki, na kampuni yao wakaiita Swallow, yaani Mbayuwayu.

Vigari hivyo vilipendwa kwa umbo, na hapo Lyons akajifunza jambo lililomwongoza maisha yake yote: mtu hununua kwanza kwa macho. Mwaka 1927 wakachukua motokaa ndogo ya bei rahisi, Austin Seven, wakaivua bodi yake na kuivika nyingine ya kupendeza. Mtambo ulikuwa ule ule; kilichobadilika ni vazi. Maombi ya wanunuzi yakazidi, na mwaka 1928 wakahamia Coventry, mji uliojaa mafundi wa motokaa.

Mwaka 1931, katika maonyesho ya London, wakatoa motokaa yao ya SS1. Ilikuwa ndefu, imelala chini, na boneti lake refu kama pua ya mbwa wa kuwinda. Aliyeiona alikisia kuwa bei yake yafika pauni 1,000. Kumbe ilikuwa pauni 310. Lakini injini ilitoka kampuni ya Standard, injini ya kawaida tu, na chini ya mabati ya bodi palikuwa na fremu ya mti. Tazameni, basi: mkakasi wenyewe! Wenye dharau walisema ni gari la mtu anayetaka kuonekana tajiri kabla hajatajirika. Wanunuzi hawakujali.

Walmsley alijitoa, Lyons akabaki kuwa mwenye amri. Mwaka 1935 jina la Jaguar likatumika kwa mara ya kwanza. Jaguar ni mnyama wa Amerika anayefanana na chui. Ilipofika mwaka 1945, herufi SS zilikuwa zimenuka duniani kote kwa sababu ya askari wa Hitler walioitwa hivyo. Kampuni yenyewe ikabadili jina, ikawa Jaguar Cars.

Hapa yafaa tumtazame Bwana Lyons mwenyewe. Alikuwa na tabia mbili. Ya kwanza ni jicho. Hakutegemea michoro ya karatasi. Aliwaamuru mafundi wamtengenezee mfano wa gari zima kwa mbao na mabati, akaupeleka nyumbani kwake, akauzunguka katika mwanga wa mchana akisema: hapa inueni kidogo, pale shusheni. Tabia ya pili ni mkono wa kubana. Alikuwa mkali sana katika matumizi, na alitaka kuuza gari la kifahari kwa bei ambayo wenzake waliona haiwezekani. Shikeni tabia hizi mbili, jicho na mkono. Ndizo zilizoijenga Jaguar, na mkono ule wa kubana ndio uliopanda mbegu ya malalamiko tutakayoyasikia.

INJINI ILIYOTUNGWA USIKU

Msije mkadhani kwamba yote yalikuwa nakshi tupu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Coventry ilipigwa mabomu vibaya, na kila kiwanda kilihitaji watu wa kulinda usiku ili wazime moto. Lyons akapanga zamu yake pamoja na wahandisi wake William Heynes, Walter Hassan na Claude Baily. Katika usiku huo mrefu walizungumza jambo moja: baada ya vita, tutengeneze injini yetu wenyewe, yenye nguvu, na inayopendeza hata boneti linapofunguliwa.

Injini hiyo iliitwa XK. Ilionyeshwa London mwaka 1948 ndani ya motokaa ya XK120, ambayo bei yake kabla ya kodi haikufika pauni 1,000. Namba 120 ilikuwa mwendo wake, maili 120 kwa saa. Watu wakasema ni majigambo ya biashara. Mwezi Mei 1949 kampuni ikawaita waandishi wa magazeti katika barabara ya Jabbeke, nchini Ubelgiji, na mbele ya macho yao gari likakimbia zaidi ya maili 132 kwa saa. Mabishano yakaisha. Injini hiyo iliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1992. Huo haukuwa mkakasi.

Kisha zikafuata mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Jaguar ilishinda mwaka 1951, 1953, 1955, 1956 na 1957. Ushindi wa 1953 una maana kwetu sote, kwa sababu magari yale yalikuwa na breki za diski zilizotengenezwa pamoja na kampuni ya Dunlop. Breki za zamani zilichoka kwa joto. Hizi zilisimamisha gari tena na tena bila kulegea. Ushindi ule uliwaonyesha watengenezaji wengine njia, na leo breki za diski zimo katika magari mengi ya kawaida.

Mwaka 1955 ulikuwa mwaka wa msiba. Katika mbio zile gari moja la kampuni nyingine liliruka na kuangukia watazamaji, na watu zaidi ya 80 wakafa. Siku chache kabla ya hapo, mwana wa pekee wa kiume wa Lyons, John, alikufa katika ajali ya barabarani huko Ufaransa akielekea Le Mans. Baba akabaki hana mrithi wa kazi yake. Jambo hili, tutakavyoona, lilikuwa na matokeo makubwa.

SIFA NA LAWAMA

Mwaka 1961 ikatokea E-Type katika maonyesho ya Geneva, Uswisi. Umbo lake lilitungwa na Malcolm Sayer, mtu aliyetoka katika kazi ya ndege, na aliyejua kwa hesabu jinsi upepo unavyopita juu ya chuma. Bei yake ilikuwa kadiri ya nusu ya bei ya Aston Martin. Zaidi ya 70,000 zilitengenezwa mpaka mwaka 1974, na nyingi zilikwenda Marekani.

Sasa sikilizeni waliozinunua. Walisifu mwendo, walisifu umbo, walisifu jinsi gari lilivyotulia barabarani. Halafu wakaanza: viti vya E-Type za kwanza vinaumiza mgongo; gia ya kwanza ni ngumu kuingia; breki hazitoshi kwa mwendo mkubwa namna ile; na ukikwama katika foleni ya mjini siku ya joto, maji ya rejeta yanachemka. Kampuni haikuziba masikio. Mwaka 1964 ikatoa injini kubwa zaidi, pamoja na gia, viti na breki bora.

Lakini lalamiko moja halikwisha: umeme. Jaguar haikutengeneza nyaya, swichi, dinamo na taa. Ilinunua vitu hivyo kwa kampuni nyingine, hasa Lucas, na wenye magari wa Kiingereza na wa Kimarekani wakatunga mzaha wa kumwita Lucas Mfalme wa Giza, kwa kuwa taa zilizima bila kuaga. Mzaha mwingine ulisema mtu akitaka kuwa na Jaguar anunue mbili: moja ya kuendesha, na moja ya kukaa gereji.

Mabibi na mabwana, tusiupite mzaha huu hivi hivi. Mtu auzaye kitu cha pauni 4,000 kwa pauni 2,000 ameipata wapi ile nusu nyingine? Sehemu moja ameipata kwa akili: kuuza magari mengi na kuacha faida kubwa kwa kila moja. Lakini sehemu nyingine ameipata kwa kubana mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki: katika waya, katika swichi, katika mpira wa kuzuia mafuta yasivuje. Nafuu aliyopewa mnunuzi dukani akaja kuilipa kidogo kidogo kwa fundi.

MIAKA YA LEYLAND

Mwaka 1965 kampuni kubwa ya BMC ilinunua kiwanda kilichokuwa kikiiuzia Jaguar bodi. Lyons alikuwa amekwisha pita miaka 60, hana mwana wa kumrithi, na sasa bodi za magari yake zilikuwa mikononi mwa mwingine. Mwaka 1966 akakubali kuungana na BMC. Mwaka 1968 muungano huo ukamezwa tena na kuwa British Leyland, dude kubwa lililokusanya karibu viwanda vyote vikubwa vya motokaa vya Waingereza. Mwaka huo huo ikatoka XJ6, gari kubwa la familia na la wakubwa serikalini, tulivu na laini hata wapinzani wakalivulia kofia. Lyons akastaafu mwaka 1972.

Yaliyofuata ni somo chungu. Kampuni kubwa ilikuwa na madeni, wakuu wake walikuwa mbali na karakana, na migomo ilifuatana. Fedha za kununua mitambo mipya hazikuja. Mwaka 1971 Jaguar ilitoa injini ya silinda 12, kazi nzuri ya mikono, lakini yenye kiu kubwa ya petroli. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda duniani, na gari la namna hiyo likawa mzigo. Mwaka 1975 serikali ya Uingereza ikaichukua British Leyland ili isife.

Wanunuzi ndio walioumia. Rangi ilibabuka, chuma kiliota kutu, vioo vya umeme vilikataa kupanda, injini zilipata joto kupita kiasi. Nchini Marekani baadhi ya wenye magari walifanya jambo la ajabu: waling'oa injini ya Jaguar, wakaweka ya Chevrolet, wakabakiza bodi na viti. Fikirini maana yake. Mtu anachoka na gari, lakini hawezi kuachana na uso wake. Na upande wa wafanyakazi, fundi wa Coventry aliyerithi ujuzi kwa baba yake alisikia jina la kazi yake likifanyiwa mzaha.

BWANA EGAN AWAULIZA WENYEWE

Mwaka 1980 aliletwa mkuu mpya, John Egan. Alikuta wafanyakazi wako katika mgomo, na mwaka huo kampuni ilitengeneza magari yapatayo 14,000 tu. Egan akafanya jambo ambalo lingeonekana dogo: alitaka kujua wanunuzi wanasema nini. Wenye Jaguar wakaulizwa kasoro zao, na wenye Mercedes na BMW nao wakaulizwa, ili pawe na kipimo. Makosa yakaandikwa kwenye orodha, na kila kosa likapewa kikundi cha watu wa kulifuatia mpaka mzizi wake.

Orodha ikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya makosa ilitoka katika vipuri vilivyonunuliwa nje. Wauzaji wakaambiwa: kipuri chako kikiharibika, gharama ni yako. Mafundi nao wakapewa nafasi ya kusema jinsi kazi inavyoweza kufanywa vizuri zaidi. Haikuwa dawa tamu. Maelfu ya watu walipoteza kazi katika miaka hiyo. Lakini waliobaki waliona jina likiinuka. Mwaka 1984 kampuni ikatoka mikononi mwa serikali na hisa zake zikauzwa kwa watu. Sir William Lyons aliyaona hayo kabla ya kufariki Februari 1985. Mwaka 1988 magari zaidi ya 50,000 yalitengenezwa.

FORD, TATA, NA ZAMA ZA UMEME

Kuziba ufa si sawa na kujenga nyumba mpya. Mwaka 1989 Ford ya Marekani ikakubali kuinunua Jaguar kwa pauni bilioni 1.6. Bill Hayden, mtu wa Ford aliyewekwa kuwa mkuu, alisema waziwazi kwamba kiwanda alichokikuta kilikuwa miongoni mwa vibaya kabisa alivyopata kuona. Ford ikamimina fedha nyingi. Mwaka 1996 ikatoka injini mpya ya silinda nane, yenye nguvu na utulivu. Lakini ndani ya silinda zake mlipakwa utando wa nikeli, na petroli yenye salfa nyingi iliula utando huo. Wamiliki wengi iliwabidi wabadilishiwe injini nzima. Kadhalika kipande cha plastiki cha kukaza mnyororo wa injini kilikuwa kikipasuka. Kikipasuka, injini nzima iko hatarini. Kipande kinachoenea mkononi kiliweza kuua kitu cha thamani ya nyumba. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Kasoro hizo zilirekebishwa. Mwaka 2009 shirika la J.D. Power la Marekani, ambalo huwauliza wenye magari yaliyotimiza miaka mitatu juu ya matatizo waliyopata, liliiweka Jaguar nafasi ya kwanza, sawa na Buick. Lakini tazameni mwaka: Ford ilikuwa imekwisha kuiuza Jaguar mwaka 2008, pamoja na Land Rover, kwa kampuni ya Tata ya India. Gari lilikuwa limepona, wala watu hawakuamini. Kuharibu jina ni kazi ya miaka michache. Kulisafisha ni kazi ya kizazi.

Mwaka 2018 Jaguar ilitoa gari la umeme, I-Pace, na mwaka 2019 likachaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Dunia. Wengi walilifurahia kwa ukimya na wepesi wake. Baadaye betri zake, zilizotengenezwa na kampuni nyingine, zikaonekana kuwa na hatari ya kushika moto, na mwaka 2024 kampuni ikaanza kuyanunua tena magari zaidi ya 2,000 kutoka kwa wamiliki wa Marekani. Kitu kilichonunuliwa nje, kisichoonekana kwa macho, kimeleta fedheha kwa jina lililoandikwa nje. Ni hadithi ya Lucas, ila safari hii si giza bali moto. Mwezi Novemba 2024 kampuni ikatangaza nembo mpya na nia ya kutengeneza magari ya umeme tu, ya bei kubwa kupita ya zamani. Ile hesabu ya Lyons, ya kuuza uzuri kwa nusu ya bei, ikafungwa rasmi.

MAFUNZO YETU

Tumejifunza nini? Kwanza, wasifu na walalamikaji wote wawili walisema kweli. Aliyesifu umbo na injini hakudanganyika, na aliyelaani swichi hakuwa na chuki.

Pili, bei ya kitu ina sehemu mbili: ile unayolipa siku ya kununua, na ile utakayolipa siku zote za kukitumia. Gari la kifahari likizeeka, bei yake huanguka haraka, lakini bei ya vipuri vyake haianguki. Kwa hiyo mtu wa pili au wa tatu kulinunua huliona rahisi sokoni, kisha hushangaa kwa fundi. Hata anunuaye cherehani au baiskeli iliyotumika na ajiulize: vipuri viko wapi, na nani anajua kuitengeneza?

Tatu, kwa ninyi mafundi wa mbao, wa nguo na wa chuma. Lyons alikuwa na haki kusema kwamba mtu hununua kwa macho. Lakini hurudi kwako, au hakurudii, kwa sababu ya kile ambacho macho hayakukiona.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi:

1. Kwa nini Lyons aliweza kuuza gari zuri kwa bei ndogo? Nani alilipa nafuu hiyo?

2. Egan alianza kazi kwa kuwauliza wenye magari. Je, katika kazi yenu, wateja huulizwa na nani, na lini?

3. Baadhi ya wamiliki waling'oa injini wakabakiza bodi. Ninyi mngefanyaje: mngeuza, mngetengeneza, au mngebadili? Toeni sababu.